Gari la siti saba: anza kulichagua kutokea siti ya nyuma

SEHEMU YA 1



Wiki iliyopita niliandika mistari minne tu kuhusu watu wanaonunua gari la familia la siti saba bila hata kuvuta mkanda wa siti ya nyuma. Meseji zimejaa. Akina mama wengi wameuliza maswali ya maana kabisa. Na akina baba kadhaa wameniambia, "Nesi, wewe baki wodini, magari tuachie sisi."

Sawa, kaka zangu. Injini mnaijua kuliko mimi, sibishi. Ila gari likipinduka saa nane za usiku, anayeletwa kwetu siyo injini. Wanaletwa watu, na mimi ndiye nashika mkasi kukata nguo tuone wameumia wapi. Kwa hiyo kuhusu gari la familia na mimi nina la kusema, na leo nalisema lote. Ni refu. Chukua chai.

Hoja yangu ni moja tu: gari la siti saba linachaguliwa kutokea siti ya nyuma kabisa kuja mbele. Sisi tunafanya kinyume. Tunaanza na boneti, rimu, skrini ya redio, "hii namba E bado mpya", tunamalizia na bei. Siti ya tatu tunaikumbuka siku ya safari, watoto wameshavaa viatu na bibi kashika kikapu chake mlangoni.

SEHEMU YA 2

Niwaambie kwa nini nina hasira. Sitaji hospitali wala barabara, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili mtu asitambulike.

Ilikuwa Desemba, msimu wa watu kwenda kwao. Gari zuri tu, refu, siti saba, lina mwezi mmoja tangu litoke yadi. Ndani walikuwa watu kumi. Baba kafunga mkanda. Siti ya nyuma kabisa watoto wanne, hakuna aliyefunga, maana gari lilivalishwa makava mapya ya ngozi na vifungio vya mikanda vikabaki chini ya kava. Mbele alikaa mama, kampakata mtoto wa miezi tisa.

Mama alivunjika mkono. Mtoto hatukumuweza.

Yule mama aliniambia kitu kimoja, akakirudia mpaka asubuhi: "Nesi, nilikuwa nimemshika vizuri."

Na alikuwa anasema kweli. Hakuna mama asiyemshika mtoto wake vizuri. Tatizo ni hesabu. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinakuwa kama kimeongezeka uzito mara 20. Mtoto wa kilo 10 mikononi mwako anakuwa kama mzigo wa kilo 200. Kwa kilomita 80 ni mara 50, yaani kilo 500. Niambie ni mama gani anashika kilo 500 kwa mikono miwili, ghafla, usingizini, karibu na Korogwe.

Kabla hamjanisema, na mimi wa kwanza wangu nilimpakata. Mwaka mzima. Ni nesi, nilikuwa naona majeruhi kila wiki, halafu natoka kazini nampakata mwanangu siti ya mbele kwa sababu "ni hapa tu, Mbezi mpaka Ubungo". Mungu alinisitiri. Yule mama alifanya nilichofanya mimi. Ndiyo maana siandiki kumsema yeye, naandika kusema namna tunavyonunua magari.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Tunachanja watoto, tunanunua neti, tunachemsha maji. Halafu tunawapanga kwenye siti ya tatu kama mikungu ya ndizi.

SEHEMU YA 3

Kabla hujaenda yadi, kaa mezani uandike majina. Andika watu wanaopanda gari hilo kila wiki na wanaopanda safari ya mwaka: baba, mama, watoto watatu, dada wa kazi, bibi. Hao tayari ni saba. Umeshajaza gari, na bado hujaweka hata begi moja.

Sasa sikiliza jambo ambalo dalali hatakuambia. Makaratasi ya gari Japani, yanapohesabu uzito wa gari likiwa na watu, huhesabu kila abiria kilo 55. Siti saba ni kilo 385. Sisi tuliokula ugali tukashiba tuko kilo 75, wengine 90. Watu wazima saba wa kilo 75 ni kilo 525. Umezidisha kilo 140 kabla hujapakia gunia la mchele la mama mkwe, ndoo ya mafuta na keria la juu.

Gari lililozidiwa uzito linachelewa kusimama, linayumba kwenye kona, na tairi zake zinachemka. Na ukiongeza mwendo kutoka 50 kwenda 100, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Kwa hiyo siti saba maana yake ni watu saba kama kweli kuna mikanda saba, na mizigo kidogo. Siyo "watu wazima watano na watoto wowote watakaoenea". Mtoto ni mtu. Anahesabiwa siti moja, mkanda mmoja.

SEHEMU YA 4

Haya, twende yadi. Wengi mnaulizia Vanguard, X-Trail, Outlander na Prado. Nianze na jambo la kushangaza: siyo kila Vanguard ina siti saba. Zilitoka Japani kati ya 2007 na 2013, nyingine za siti tano, nyingine saba. X-Trail nayo hivyo hivyo, iko ya safu mbili na ya safu tatu. Usinunue kwa picha. Fungua buti, inua siti kwa mkono wako.

Siti ya tatu ikishasimama, fanya haya, na uyafanye wewe mama, siyo fundi peke yake:

Kwanza, panda ukakae. Ndiyo, wewe mwenyewe. Funga mlango wa nyuma. Kichwa chako kiko umbali gani na kioo? Kuna egemeo la kichwa, au limepotea? Kwenye magari ya ukubwa wa Vanguard, siti hiyo ni ya watoto, mtu mzima magoti yanafika kidevuni. Bibi mwenye goti bovu usimpangie huko.

Pili, vuta kila mkanda mpaka mwisho. Angalia kama umechanika, umeungua au umepauka. Kisha uvute kwa ghafla: lazima ushike. Usiposhika, huo ni utepe tu. Funga kila kifungio usikie kimelia. Fanya mara saba kwa siti saba. Dalali akinuna, anune.

Tatu, angalia mkanda wa katikati safu ya pili. Magari mengi ya zamani pale pana mkanda wa kiunoni tu, haupiti begani. Mtoto akifungwa huo peke yake, gari likigonga, mwili wake unakunjika kama kisu cha kukunja. Tunapokea watoto wenye mstari mwekundu tumboni, nje unaona mkwaruzo tu, kumbe ndani utumbo umepasuka.

Nne, jaribu kutoka. Kaa nyuma kabisa, mwambie mtoto wa miaka kumi akunje siti ya kati akutoe. Ikimshinda yeye siku ya kawaida, siku gari likianza kutoa moshi nani atamtoa aliyeko nyuma?

Tano, ukiwa umesimamisha siti zote, angalia buti iliyobaki. Gari nyingi za siti saba hapo panabaki nafasi ya mifuko miwili ya sokoni. Hiyo ndiyo buti yako ya safari. Usijipe moyo kwamba mizigo itapangwa juu ya egemeo la siti nyuma ya vichwa vya watoto. Mfuko wa mchele wa kilo 25, kwa ile hesabu ya mara 20, unakuja na nguvu ya kilo 500. Mtungi wa gesi sitaki hata kuuongelea.

Sita, kama unaweka kiti cha mtoto, nenda nacho yadi. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana vyuma vya ISOFIX, kawaida kwenye siti mbili za pembeni za safu ya pili. Ingiza kidole kwenye mfereji kati ya mgongo na kalio la siti, utavigusa. Watoto watatu wadogo wenye viti vyao hawaenei safu moja ya magari ya ukubwa huu. Hapo ndipo safu ya tatu inapokuwa na kazi ya kweli.

Na hayo makava ya ngozi, jamani. Fundi akikuvalisha kava, simama hapo hapo. Asifukie kifungio hata kimoja. Na kama siti ya mbele ina eabegi ya pembeni, lile kava la kubana linaizuia kufunguka.

SEHEMU YA 5

Sasa tuje kwa shemeji zangu na neno lao kubwa: "Inavuta."

Nimeuliza wanaume watano, unataka kuvuta nini? Mmoja tu alikuwa na jibu. Ana shamba, anapeleka jenereta na mashine ya kukamua alizeti kwenye trela. Huyo nampa heshima yake, na ushauri wangu kwake uko hapa chini. Wanne waliobaki walikuwa wanavuta maneno.

Kama kweli unavuta trela, Prado siyo sawa na Vanguard. Prado imejengwa juu ya chesisi ya chuma kama lori dogo. Vanguard, X-Trail na Outlander bodi na chesisi ni kitu kimoja. Zinaweza kuvuta, ila kidogo, na zile zenye gia za CVT zikilazimishwa mlima mrefu na mzigo zinachemka. Soma kitabu cha gari lenyewe, usisome komenti. Na trela isiyo na breki zake, kikomo huwa kilo 750 au chini ya hapo, hata kama injini inanguruma kama simba.

Halafu kuna hesabu ambayo wavutaji wanaisahau. Trela inakandamiza chuma cha nyuma ya gari, kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Trela ya kilo 600 ni kama kilo 60 zimekaa kwenye bampa. Hizo zinatoka kwenye uzito ule ule wa watu. Yaani siku ya kuvuta trela, mtu mmoja anabaki nyumbani. Huwezi kujaza siti saba na kuvuta trela kwa mara moja na gari la ukubwa wa kati. Chagua mzigo au chagua watoto.

Na kwa wale wanaosema Prado ni salama kwa sababu ni kubwa: gari refu kwenda juu linapinduka kirahisi kuliko la chini. Likipinduka, asiyefunga mkanda anatupwa nje, gari linamfuata. Ukubwa wa gari haumshiki mtu ndani. Mkanda ndio unaomshika.

SEHEMU YA 6

Historia ya gari. Hapa tunaibiwa sana.

Omba karatasi ya mnada wa Japani. Ukiona daraja R au RA, gari hilo liliwahi kugongwa likatengenezwa. Siyo lazima ukimbie, ila uliza nini kilibadilishwa, na eabegi zilirudishwa au waliziba tu.

Kipimo cha bure: washa switi bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya eabegi lazima iwake, halafu ijizime baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, mashaka ni makubwa zaidi, maana wapo wanaoichomoa balbu ili usione.

Pia kuna suala la eabegi za kampuni ya Takata ya Japani. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa kurudishwa kwa sababu kile kinachojaza hewa, kikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Joto na unyevunyevu, wapendwa. Hiyo ni Dar, Tanga, Mtwara na Zanzibar. Watengenezaji wengi wana kurasa za kutafuta kwa namba ya chesisi. Mwombe mtu akusaidie, ni dakika tano.

Tairi: ubavuni mwa tairi tafuta maandishi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado ni mzee. Magari mengine yanatoka sehemu za baridi Japani na tairi laini za theluji, hizo kwa lami yetu ya saa saba mchana hazifai. Ikiwa gari lina tairi za miaka kumi, bei ya tairi nne ni sehemu ya bei ya gari. Ijumlishe kabla hujapeana mkono.

SEHEMU YA 7

Najua mtakachosema, maana mmeshakisema.

"Nesi, hela." Nakubali, viti vya watoto siyo bei ya nyanya. Lakini mtu ametoa milioni 30 na kitu kwa gari, akaongeza tinti, rimu, redio kubwa na taa za chini. Hela ya mapambo hayo ingenunua viti viwili. Kiti cha mtumba kinafaa, ila hakikisha hakijapasuka, hakijapita tarehe yake, mikanda yake ni mizima na hakijawahi kuwa kwenye ajali. Kama muuzaji hajui historia yake, kiache.

"Familia zetu ni kubwa, nani umwache?" Hapa ndipo pagumu, na mimi ni mkwe wa watu, najua. Mama mkwe hawezi kuambiwa apande basi halafu wewe unapepea na kiyoyozi. Basi panda wewe basi na mtoto mkubwa, bibi akae siti ya kati na mkanda wake. Au mwende kwa awamu. Kuna aibu ya siku moja na kuna majuto yasiyoisha, na ya pili nimeiona.

"Kwa nini usiseme tununue Noah tu?" Nasema. Kama hutoki kwenye lami, huvuti kitu, na una watoto wengi, Noah ina milango ya kuteleza na safu ya tatu ambayo mtu mzima anakaa kweli. Haina sifa kwenye harusi, hilo tu. Ila mikanda uikague vile vile.

"Trafiki hawakamati watoto wasiofunga." Tangu lini mama akasubiri trafiki ndiyo amchanje mtoto?

"Mtoto analia kwenye kiti." Analia na sindano pia, na ulimshika akachomwa.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO

Bandika hii kwenye friji.

Mtoto mchanga: kiti kinachotazama nyuma, safu ya pili. Kamwe usikiweke siti ya mbele yenye eabegi. Akae akitazama nyuma muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, ikiwezekana mpaka miaka miwili na zaidi. Shingo yake bado laini, kichwa kizito.

Baadaye: kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake.

Kisha boosta, mpaka mkanda wa gari umkae vizuri. Kipimo: mgongo umegusa siti, magoti yamekunjika ukingoni, mkanda wa chini uko kwenye nyonga siyo tumboni, wa juu uko katikati ya bega siyo shingoni. Wengi hawafiki hapo kabla ya sentimita 135, wengine mpaka karibu 150.

Mjamzito: funga mkanda, usidanganywe kwamba unamuumiza mtoto. Wa chini upite chini ya tumbo, kwenye nyonga. Wa juu upite kati ya matiti, pembeni ya tumbo.

Na baba watoto asome hii. Mtumie. Akisema "mambo ya manesi hayo", mwambie nesi hataki kukuona. Nawapenda wote, ila sitaki mgeni hata mmoja kutoka kwenye siti ya tatu.

Jumamosi hii kama unaenda yadi, usianze na boneti. Zunguka nyuma, fungua buti, inua siti, panda ukae, vuta mkanda. Muuzaji atakucheka kidogo. Mwache acheke. Ukimaliza kuvuta mikanda yote saba na yote ikashika, hapo sasa mwite fundi aangalie injini.

Ambaye tayari ana gari, shuka sasa hivi ukafukue vifungio chini ya makava. Ukivipata niandikie hapa chini umevipata vingapi. Nitasoma nikitoka zamu ya usiku.